Boi Chumvi: Siku Choya Haikupikwa

Panga lile tuliloliacha hewani Jumamosi iliyopita lilishuka.

Lilishuka kwenye bega la kushoto la Gaspar, likakata shati, likakata nyama, likagota kwenye mfupa. Damu iliruka mpaka kwenye kitambaa cha meza ya wageni.

Na Temeke nzima ikaangua kicheko.

Ndiyo, msomaji wangu, walicheka. Watu elfu mbili na ushei, waliosimama uwanjani na waliopanda juu ya mapaa, walishika mbavu. Usiwalaumu upesi. Nawe ungekuwapo alasiri ile ya mwaka wa hamsini na saba, ungecheka.

Aliyeshika panga alivaa suti nyeupe na helmeti ya Kizungu, na uso wake mzima ulipakwa unga wa ngano. Mtu huyo Temeke walimjua. Huyo alikuwa "Bwana", na Gaspar ndiye "Boi Chumvi". Kwa miaka sita kundi lao la vichekesho lilikuwa limezunguka Temeke, Kinondoni, hadi Boko huko, na mchezo ule ule: Bwana anampiga boi wake kwa sababu supu imezidi chumvi. Anampiga mpaka boi anakufa. Watu wanahesabu, moja, mbili, tatu! Boi anafumbua jicho moja, anajiinua, anajikung'uta vumbi, anasema:

"Bwana, umechoka? Mie bado."

Maneno hayo ndiyo yaliyomtoa Gaspar kwenye vichekesho yakamtia kwenye siasa. Wakubwa wa chama waliyasikia, wakasema mtu huyu aache kuchekesha, aje ahutubie. Siku ile alikuwa amepanda jukwaani kuhutubia, na Jumapili yake angesimama kugombea uenyekiti wa tawi la Temeke. Lakini watu wa Temeke walikuwa hawajajifunza kumtenganisha mheshimiwa na boi. Walipoona Bwana anapanda na panga, walisema, aa, kumbe leo tumeletewa na mchezo!

Mtu mmoja hakucheka.

Zuena binti Shomvi, mjane wa marehemu Pazi, alikuwa pembeni ya jukwaa na mchi mkononi, akitwanga kisamvu cha wageni. Zuena ndiye mshonaji wa kundi. Suti ile nyeupe aliishona yeye. Na damu ya mchezo ilikuwa kazi yake vilevile: huchemsha choya, yale maua mekundu ya sharubati, mpaka maji yawe mazito, huyatia kwenye kibofu cha mbuzi, kisha hukishonea ndani ya shati la Gaspar.

Siku ile choya hakupika.

"Ya Rabi," alisema. "Ile ni damu."

"Nimeona, Bi Zuena. Nyamaza."

Aliyemjibu ni Adelard, katibu wa tawi, mtu wa bara, karani wa ghala moja bandarini, msomi wa misheni mwenye kalamu mbili mfukoni na saa mkononi. Huyu naye alikuwa akigombea uenyekiti Jumapili. Alimshika Zuena mkono juu ya kiwiko, akaukaza.

"Ninyamaze vipi? Mtu anauawa!"

"Ukipiga ukelele watu watapanda jukwaani, watamla yule mtu mzima mzima. Mwangalie Inspekta kule."

Zuena akatazama. Kwenye ukingo wa uwanja ilisimama Landrova ya polisi. Inspekta, Mwingereza mwenye shingo nyekundu, alikuwa amekalia boneti, na nyuma yake askari thelathini na marungu yao. Kibali cha mkutano kilikuwa mfukoni mwake, na kibali kilisema waziwazi: fujo ikitokea, tawi linafungwa, na chama hakitapewa uwanja tena Temeke.

"Miaka miwili tumehangaika na tawi hili," Adelard alisema. "Unataka life kwa ukelele wako mmoja?"

"Basi nenda wewe ukamtoe!"

"Nakwenda. Wewe kaa hapa hapa."

Akapiga hatua mbili, akainama kufunga kamba ya kiatu.

Zuena aliliona hilo. Akaliweka moyoni.

Jukwaani, Gaspar alikuwa amepiga magoti. "Jamani!" alilia. "Jamani, kweli! Ninauawa kweli!"

"Kweli kabisa!" mtu mmoja akadakia kutoka juu ya paa. "Supu ilizidi!"

Kicheko kikapanda tena. Panga nalo likapanda. Gaspar akaukinga uso kwa mkono wa kuume, na panga likapita na kidole chake cha shahada kama linavyopita na shina la mchicha. Kidole kiliruka, kikaanguka chini, mbele ya mzee mmoja muuza kahawa aliyekaa mstari wa kwanza na birika lake.

Mzee akakiokota, huku anacheka. "Hawa watu wana kazi! Wamechonga na ukucha!"

Kisha akakibonyeza.

Cheko lake likakatika. Akafumbua mdomo apige yowe, na yowe lile lingetoka basi hadithi yetu ingekwisha hapo hapo, kwa marungu na risasi. Zuena alimfikia kabla halijatoka.

"Shikamoo babu. Kitie mfukoni."

"Binti yangu, hiki ni kidole cha..."

"Najua ni cha nani. Kitie mfukoni, na ucheke. Cheka kwa nguvu, babu. Nakuomba kwa jina la Mungu."

Mzee akamtazama. Kisha akakifunika kidole kwenye karatasi yake ya kashata, akacheka. Sijui alikitoa wapi kicheko kile, ila alikitoa, na machozi yakamtoka nacho.

Zuena akainua macho jukwaani, na hapo akaona jambo la pili.

Bwana kwa kawaida huchezwa na Didas, na Didas ni mfupi. Suti ile Zuena aliipima kwenye mwili wa Didas. Sasa mikono ya koti iliishia katikati ya vigasha vya huyu mtu, na suruali ilimfika kwenye ugoko. Watu waliona ni kichekesho kingine. Zuena aliona mtu asiyemjua, kavaa nguo zilizotoka ndani ya sanduku lake.

Hakuwa na nafasi ya kuwaza. Panga lilikuwa linapanda mara ya tatu, na mara hii lilielekea shingoni.

Sasa sikiliza. Zuena hakuwa mtu wa majukwaa. Tangu atoke eda hakuwa amesimama mbele ya wanaume, hata harusini. Kazi yake ilikuwa sindano, jiko na msala. Ila katika mchezo ule kulikuwa na mtu wa tatu, mke wa boi, Mama Chumvi, ambaye huingia na mwiko wa ugali na kumtandika Bwana mpaka helmeti inaruka. Aliyemcheza Mama Chumvi alikuwa Pazi, mume wake Zuena. Alijifunga kanga za Zuena, akajaza pamba kifuani, akaibana sauti. Pazi alipokufa, hakuna aliyethubutu kumcheza tena. Mama Chumvi alizikwa naye.

Zuena akajifunga kanga kiunoni mafundo mawili. Akashika mchi.

"Bismillahi."

Akapanda.

"We Bwana we!" Sauti iliyotoka hakuijua kuwa ni yake. Ilikuwa ile ile ya puani aliyokuwa akiibana marehemu. "Mume wangu kakukosea nini leo? Chai ina nzi?"

Uwanja ukalipuka.

"Mama Chumvi! Mama Chumvi karudi!"

"Mtandike, mama!"

Yule mtu aligeuka. Chini ya unga macho yake yalikuwa mekundu kama ya mvuta bangi. Akasogea karibu, akanong'ona kwa meno yaliyofungwa.

"Shuka, mwanamke. Sikuagizwa kwako."

"Umeagizwa na nani?" Zuena alinong'ona naye.

Jibu lake lilikuwa panga. Zuena alirudi nyuma, ncha ikapasua kanga kutoka bega mpaka kiuno, na ngozi kidogo ikaenda nayo. Watu wakapiga miluzi. Kabla panga halijarudi, alizungusha mchi kama anavyouzungusha kila siku ya Mungu kinuni, kutoka kiunoni si kwenye mikono, akaushusha juu ya kifundo cha mkono wa yule mtu.

Mfupa ulilia. Waliokaa mbele waliusikia. Wakashangilia.

Panga likaanguka. Yule mtu hakupiga kelele. Aliinama akaliokota kwa mkono wa kushoto. Mtu wa namna hiyo ameshaua, Zuena alijisemea. Huyu hii si mara yake ya kwanza.

"Kaokota tena!" watu waliita. "Mama, nyuma! Nyuma!"

Alimrukia. Zuena aliukinga mchi mbele kwa mikono miwili, panga likajikita ndani ya mti, likanasa. Wakavutana. Yule mtu akampiga kichwa cha uso, Zuena akasikia pua yake inapasuka na mdomo unajaa damu ya moto.

Hapo Gaspar, waliyemdhani kafa, alijikokota kwa kiwiko mpaka mguuni pa yule mtu, akauvamia ugoko uliokuwa wazi chini ya suruali fupi. Akauma. Aliuma mpaka meno yakakutana.

Mara hii yule mtu alipiga kelele. Akaliachia panga. Zuena akaung'oa mchi, panga likiwa bado linaning'inia, akampiga goti, la kulia, kwa pembeni. Akaanguka. Helmeti ikabingirika mpaka ukingoni mwa jukwaa. Akampiga mdomoni. Meno mawili yakatoka na mate mekundu juu ya suti nyeupe aliyoishona kwa mkono wake.

Akauinua mchi mara ya tatu. Kichwa kilikuwa pale, wazi, nywele fupi zimejaa unga.

Msomaji wangu, alikuwa na uwezo wa kuua. Nakwambia alitaka. Mikono ilimwambia shusha. Kisha sauti za watu zilimjia masikioni, wanacheka, wanaume na wake zao, mama amebeba mtoto anampigisha makofi, na Zuena akakumbuka amepanda pale kumwokoa mtu, hakupanda kumwua mtu.

Akasita. Kusita kule kulitosha.

Yule mtu alijiviringisha, akaanguka chini ya jukwaa, miguuni pa watu. Zuena akapata moyo, akidhani sasa watamkamata.

Watamkamataje? Walimpisha! Walimpigapiga mgongoni.

"Umetuchekesha, Didas!"

"Kaoshe hiyo damu, mkeo asije akazimia!"

Na yule muuaji, kwa goti moja na mkono mmoja, alipita katikati ya makofi ya watu elfu mbili, akatokomea nyuma ya vibanda vya soko.

Nyuma ya Zuena, Gaspar alikuwa amelala kifudifudi, hatikisiki.

Na watu wakaanza kuhesabu.

"Mojaaa!"

Zuena akapiga magoti, akamgeuza. Uso ulikuwa na rangi ya majivu. "Shemeji," alimwita. "Shemeji Gaspar."

"Mbiliii!"

"Siwezi, shemeji." Mdomo ulicheza kidogo tu. "Baridi."

"Wanahesabu. Wakifika tatu hujainuka, watajua. Wakijua, watu watakufa hapa leo."

"Niache..."

"Sikuachi. Pazi aliniachia wewe na sanduku la nguo, basi. Shika mchi."

"Tatuuu!"

Uwanja ukatulia. Jicho la Gaspar halikufunguka.

Watu wakatazamana. Kule nyuma kicheko kimoja kilianza, kikafa. Inspekta aliteremka kutoka kwenye boneti. Muuza kahawa alikuwa ameziba uso kwa viganja.

Mkono wenye vidole vinne ukaushika mchi.

Akajivuta. Zuena alimtia bega chini ya kwapa, akamnyanyua, na damu ya Gaspar ikamteremka yeye kifuani. Akasimama. Aliyumba, akasimama. Jicho moja likafunguka, kama kwenye mchezo, na sauti ikatoka, ndogo, lakini hapakuwa na mtu uwanjani aliyeikosa.

"Bwana, umechoka?"

Akavuta pumzi. Akageuza uso polepole, akatazama ng'ambo ya uwanja, kwenye Landrova.

"Sie bado."

Kwa miaka sita alikuwa amesema mie. Watu walilisikia lile sie, na nafikiri hakuna hotuba iliyotolewa Temeke mwaka ule iliyowaingia kama ile. Hawakucheka. Walinyanyua mikono wakaitikia, elfu mbili kwa sauti moja, "Sie bado!", mpaka kunguru wakaruka kwenye mapaa.

Zuena alimrudisha nyuma ya turubai. Huko ndiko Gaspar alikoanguka, akawa mzito kama gunia.

"Hospitali!" Zuena alisema. "Upesi, jamani!"

"Lori la Bwana Taiyeb!" Adelard alikuwa tayari yuko pale, kamba za viatu zimefungwa. "Liko hapa nyuma, nimeshasema nao. Mbebeni! Mie nitapanda naye."

"Nami napanda."

"Wewe una damu mwili mzima, Bi Zuena. Watu wakikuona barabarani utasema nini? Baki. Watulize kina mama. Nitamshika mie mpaka kwa daktari, mikononi mwangu hivi."

Maneno yalikuwa ya busara. Maneno ya Adelard siku zote yalikuwa ya busara. Wakampakia Gaspar, Adelard akaruka nyuma akashusha turubai, lori likanguruma likaondoka.

Halijamaliza hata kuvuka uwanja, mtu alitokea vibandani anakimbia, kavaa bukta tu, kichwa kimepasuka, sikio limejaa damu iliyoganda.

Didas.

"Bi Zuena! Wamenipiga! Suti wamechukua!"

"Akina nani?"

"Wawili. Mmoja mrefu. Wa pili sikumwona, alinijia kwa nyuma, akanipiga na kitu, nikaanguka kando ya sanduku la nguo. Nikafumba macho nikajifanya mfu, ndiyo kazi niliyojifunza kwa Gaspar." Alikuwa analia na kucheka. "Nikamsikia anafungua sanduku."

"Walivunja kufuli?"

"Hawakuvunja. Alifungua na ufunguo. Nilisikia ufunguo unaingia, unazunguka, taratibu kama mwenyewe."

Zuena akapeleka mkono shingoni. Ufunguo wake ulikuwapo, kwenye uzi, pale pale ulipokaa miaka miwili. Sanduku lile lilikuwa na funguo mbili. Wa pili, tawi lilipoanza kuweka bendera zake humo, alimkabidhi katibu.

Akamkumbuka mtu aliyeinama kufunga kamba ya kiatu.

"Bi Zuena, habari ya mgonjwa?" Ilikuwa sauti ya Bwana Taiyeb mwenyewe, muuza mabati, Bohora mwenye kofia ya uzi wa dhahabu, anahema kwa kukimbia. Nyuma yake alisimama mtu wa makamo na mikono ya grisi. "Nimesikia Gaspar ameumia. Nimekuja na dereva wangu, atoe lori haraka."

Zuena alimtazama yule dereva. Kisha akageuka kulitazama lori.

Lilikuwa limefika kwenye kona. Hapo njia hugawanyika: kulia ni mjini, hospitali, kushoto ni Mbagala, na baada ya Mbagala ni mapori. Lori likapunguza mwendo. Kutoka nyuma ya ukuta mtu mrefu alijitokeza akiruka kwa mguu mmoja, suti nyeupe imejaa damu, mkono umekumbatiwa kifuani. Turubai likafunuliwa. Mkono wenye saa ukanyooshwa, ukamvuta ndani, na turubai likashuka.

Lori likakata kushoto.

"Lori langu hilo!" Bwana Taiyeb alisema. "Nani anaendesha?"

Uwanja mzima hakukuwa na gari jingine, ila moja.

Zuena alikuwa anatembea tayari. Alipita katikati ya watu waliokuwa bado wanaitikia, wakimgusa kanga, wakimwita Mama Chumvi. Alipofika kwa muuza kahawa alinyoosha mkono, na mzee akampa kile kikaratasi cha kashata.

Akikaa kimya, tawi litasimama, na Gaspar hafiki Mbagala akiwa hai. Akisema, gari litapatikana. Na kesho mlango wa tawi utapigwa misumari, na mwenye kuupiga atakuwa yeye Zuena kwa ulimi wake.

Inspekta alimwona anakuja. Alikuwa amejawa na furaha, shingo imezidi kuwa nyekundu.

"Mama Chumvi!" alisema kwa Kiswahili chake cha darasani. "Vizuri sana! Mimi nimecheka mpaka machozi. Ile damu, mama, mnatengeneza na nini?"

Zuena aliweka kikaratasi juu ya boneti ya Landrova.

Akakifunua.